Uduvi na Konokono Katika Tangi la Nyumbani

Mkulima mwenye tangi la kioo nyumbani, au ambaye mwanawe ameomba anunuliwe moja, aweza kuweka ndani yake uduvi na konokono wa maji baridi bila gharama kubwa. Wanyama hawa hula kidogo, na hulisafisha tangi kwa kula utelezi wa kijani unaoshika kioo. Lakini mkulima wa skimu ya mpunga, kama wa Mwea, anaishi kando ya mfereji. Yampasa awe na hadhari kuliko mtu wa mjini, na sababu zake zitaelezwa hapa chini.

Tangi linaloingia madebe mawili ya maji latosha kwa kuanzia. Tia chini mchanga uliooshwa mara nyingi mpaka maji yake yatoke safi. Panda mimea ya majini uliyopewa na mtu mwenye tangi jingine, wala usiing'oe mferejini, kwa kuwa mayai ya konokono hushikamana na majani. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe katika ndoo iliyo wazi siku moja, usiku na mchana, kabla ya kutumiwa. Maji ya mfereji hayafai, maana huenda yamepita katika majaruba yaliyopigwa dawa ya wadudu.

Sasa ngoja wiki tatu au nne kabla ya kuwatia wanyama. Watu wengi hawapendi kungoja, nao ndio wanaookota uduvi waliokufa. Mavi ya wanyama na chakula kilichooza hutoa sumu iitwayo amonia. Kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo huigeuza sumu hiyo, lakini vinahitaji majuma kadhaa vizaane mchangani. Baadaye, kila juma punguza robo ya maji na kuongeza mengine yaliyotulia.

Uduvi si wageni katika Kenya. Ziwa Victoria lina uduvi wadogo wengi, ambao Wajaluo huwaita ochonga, na ambao hukaushwa na kusagwa kuwa chakula cha kuku na samaki. Wale wekundu wanaouzwa kwa ajili ya matangi asili yao ni Asia ya Mashariki. Wote hujivua ganda wanapokua. Ukiona ganda tupu limelala mchangani, usidhani mnyama amekufa. Amejificha kwenye majani mpaka ganda jipya likauke na kuwa gumu. Liache lile la zamani, atalila.

Kuhusu chakula, kosa kubwa ni kuwalisha kupita kiasi. Kwa uduvi kumi na konokono wachache, kipande cha sukuma wiki kilichochemshwa kidogo, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, chatosha. Wape mara mbili au tatu kwa juma. Waweza kubadilisha kwa boga au tango. Kinachobaki kesho yake kitolewe. Mkate na ugali usitie kabisa, kwani huchachusha maji. Konokono anahitaji chokaa ya kujengea nyumba yake; ukiona ganda lake linatoboka na kuwa jeupe, maji yake hayana chokaa ya kutosha. Chemsha maganda ya mayai, yakaushe, yaponde, utie kidogo tangini.

Tena kumbuka kwamba mrututu ni sumu kwa wote wawili. Katika nchi nyingi ulitumiwa kuua konokono wa kichocho. Mtu aliyetoka kupiga dawa shambani asitie mkono tangini kabla ya kunawa vizuri kwa sabuni, wala dawa ya mbu isipuliziwe karibu na tangi lisilofunikwa.

Basi ni konokono gani wa kufugwa? Si yule ambaye mtoto amemwokota mferejini. Konokono mdogo bapa, aliyejiviringisha kama kamba iliyokunjwa chini, ndiye anayebeba kichocho cha tumbo, ugonjwa unaojulikana sana Mwea. Mwingine ana ncha, na ukimshika ncha ikiwa juu na mdomo wa ganda ukikuelekea, mdomo huo uko upande wa kushoto. Jamaa zake hubeba kichocho cha mkojo. Konokono mwenye ugonjwa hutoa vijidudu majini, hasa jua linapokuwa kali, navyo hupenya ngozi kwa muda wa dakika chache tu. Hufanya hivyo mferejini, na hufanya hivyo hivyo ndani ya tangi lililo mezani kwako. Chukua konokono waliozaliwa katika tangi la mtu mwingine.

Hata hivyo, yuko mmoja asiyefaa hata akitoka tangini. Ni konokono mkubwa wa Amerika ya Kusini, ambaye wataalamu humwita Pomacea canaliculata. Rangi yake ni kahawia au manjano ya kupendeza, na biashara ya matangi ni njia mojawapo iliyomtembeza duniani. Karibu na mwaka 1980 alipelekwa Taiwan, na miaka michache baadaye Ufilipino, ili afugwe awe chakula. Walaji hawakumpenda, akaachwa, akaingia majaruba. Mwaka 2020 alionekana katika mashamba ya mpunga ya Mwea. Hukata miche michanga iliyotoka kupandikizwa, na jaruba laweza kubaki na mapengo kwa siku chache. Maji yakikauka hujizika topeni, akafunga mlango wa ganda lake, akangoja miezi mingi.

Mayai yake hayafichiki. Ni ya waridi, yameshikana kama kichala, nayo hutagwa juu ya maji, kwenye mabua, vijiti na kuta za mfereji. Ukiyaona, vaa glavu uyaponde, kwa sababu yana sumu. Okota konokono wenyewe asubuhi na jioni, weka wavu penye mlango wa maji, na umwambie Bwana Shamba.

Kwa sababu hiyo, chochote kitokacho tangini kisifike mferejini. Maji machafu yamwagwe juu ya udongo mkavu, mbali na mtaro, kwa mfano penye migomba. Mimea iliyozidi ianikwe juani mpaka ikauke kabisa, kisha ichomwe. Mtoto akichoka na konokono wake, asiwaachilie kwa huruma. Wapewe mwenye tangi, au wapondwe na kufukiwa.