Pumzi Fupi: Tuulize Nini Tunapomtembelea Mgonjwa wa Mapafu

Katika makanisa yetu ya Kamina kuna wazee walioacha kuja ibadani. Mara nyingi tunasema imani yao imepoa. Pengine si imani, ni pumzi. Mwenye ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu, au aliyepona kifua kikuu lakini mapafu yakabaki na makovu, huona njia ya kanisa kuwa ndefu kuliko nguvu zake.

Ukimwuliza, “Unapumua vizuri?” atajibu, “Vizuri,” kwa sababu amekaa. Ndiyo maana waganga huuliza juu ya kazi za kila siku. Kipimo kimoja kinachojulikana sana kilitokana na uchunguzi wa wachimbaji wa makaa ya mawe huko Wales, Uingereza. Kina ngazi hizi:

0: anahema kwa kazi ngumu tu.
1: anahema akiharakisha au akipanda mlima mdogo.
2: kwenye tambarare anatembea polepole kuliko wenzake wa umri wake, au husimama apate pumzi.
3: husimama baada ya mita 100 hivi au dakika chache.
4: hawezi kutoka nyumbani, au anahema akivaa nguo.

Mwaka 2000 watafiti wa London walitoa orodha ya kazi 15, kama kuvaa, kuosha nywele, kuinama, hata kuongea. Kwetu tuulize pia juu ya kuchota maji, kutwanga sombe na kuwasha mbabula. Maswali hayo hayachukui nafasi ya kipimo cha hospitali, lakini yanafungua mazungumzo.

Tuwe waangalifu na jibu moja: “Kazi hiyo sifanyi tena.” Mama aliyemwachia mjukuu ndoo hahemi tena kisimani, lakini hajapona. Tuulize, “Uliacha lini, na kwa nini?”

Tuandike majibu, turudi baada ya mwezi, tulinganishe. Ikiwa amepanda ngazi, tumsindikize kwenye kituo cha afya na karatasi hiyo, itamsaidia muuguzi. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu. Mbabula iwashwe nje, mbali na mgonjwa. Isiingizwe kamwe katika nyumba iliyofungwa.

Lakini akihema sana hali amekaa, akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikigeuka rangi ya buluu au akianza kuchanganyikiwa, tusingoje maombi yamalizike. Apelekwe hospitali mara moja, tukiomba njiani.

Wagalatia 6:2 inatuagiza kubebeana mizigo. Mzigo wa ndugu huyu ni mita mia moja. Tumpelekee kiti apumzike njiani, au kijana mwenye kinga ambebe. Na asipoweza kabisa, ibada ifanyike uani kwake.