Winchi Kuukuu Yatengenezwaje?

Nyumba ya ghorofa ijengwapo Komarock, mashariki ya jiji la Nairobi, pengine huitwa winchi ya magurudumu, ambayo wengi huiita kreni, kuinua vyuma au matangi ya maji. Winchi kuukuu yaweza kutengenezwa ikafanya kazi tena, lakini fundi aanzie wapi? Wenye mali hupenda aanze na injini, kwa kuwa ndiyo isikikayo. Afadhali aanze na mkono.

Mkono wa chuma uliokwisha kuinua mizigo mara maelfu huchoka, na uchovu huo huonekana kwanza kama ufa mwembamba penye maungio. Rangi mpya huuficha. Basi rangi ya zamani ikwanguliwe kwanza, ndipo ufa utafutwe. Kamba ya chuma iliyokatika nyuzi au kupungua unene hutupwa, haiungwi.

Injini yenye nguvu zaidi haiipi winchi ruhusa ya kubeba zaidi. Mzigo wa tani 5 ulio mita 4 mbele ya miguu yake ukisogezwa hadi mita 8, nguvu yake ya kuipindua winchi huwa maradufu, ingawa uzito haukubadilika. Kwa hiyo kipimo cha kumwonya dereva chafaa kuliko nyongeza nyingine yoyote. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 juu ya usalama kazini yataka winchi ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa.

Tena udongo mweusi wa upande huo hulainika mvua inyeshapo. Miguu ya winchi iwekewe mbao nene na pana, hata ikiwa imetoka karakana asubuhi hiyo hiyo.