Fidia Iliyomfuata Mwenye Nguruwe

Tarehe 12 Aprili 2020, kampuni ya Smithfield ilitangaza kuyafunga machinjio yake ya Sioux Falls, Dakota Kusini, baada ya korona kuenea miongoni mwa wafanyakazi. Machinjio hayo yalikuwa yakipokea karibu nguruwe 20,000 kwa siku. Jirani yake, jimboni Iowa, ipo kaunti ya Sioux yenye watu wapatao 36,000 na nguruwe wengi mno kuliko watu. Wafugaji wake walibaki na mifugo iliyotimiza uzito lakini haina pa kupelekwa. Nguruwe hawekeki: akipita uzito unaotakiwa bei inashuka, au anakataliwa kabisa, na nyuma yake wapo wadogo wanaolihitaji banda hilohilo.

Siku tano baadaye, Waziri wa Kilimo wa Marekani Sonny Perdue alitangaza msaada wa dola bilioni 19. Kati ya hizo, bilioni 16 zilikuwa za kuwalipa wakulima moja kwa moja.

Fomu ya kuomba malipo hayo haikumuuliza mfugaji amepata hasara kiasi gani. Iliuliza ana nguruwe wangapi, walikuwapo tarehe gani, na ni mali ya nani. Nguruwe aliyeuzwa kati ya Januari 15 na Aprili 15 alilipiwa dola 28 ikiwa hajafikisha kilo 54, au 18 ikiwa amezifikisha. Aliyekuwa bandani kati ya Aprili 16 na Mei 14 alilipiwa dola 17 tu, ingawa hicho ndicho kipindi ambacho uwezo wa nchi wa kuchinja nguruwe ulishuka kwa takriban asilimia 40. Kwa banda la nguruwe 2,400, hiyo ni dola 40,800. Awamu ya pili, iliyofunguliwa Septemba, ilipandisha malipo hadi dola 23 kwa kila mmoja.

Utaratibu huo una utetezi wake. Kuhesabu vichwa ni kazi ya haraka, na wakulima walihitaji fedha mapema. Kupima hasara ya kila shamba kungechukua miezi mingi.

Lakini swali la umiliki liliwaumiza watu wengi. Iowa imejaa wafugaji wa mkataba: kampuni inaleta nguruwe na chakula chao, mkulima anatoa banda lake, mara nyingi la mkopo, pamoja na jasho lake. Banda likikaa tupu, hana mapato. Na kwa kuwa nguruwe si wake, awamu zote mbili za mwaka 2020 zilimpita. Ilibidi angoje hadi Agosti 2021, wizara ilipotenga hadi dola bilioni 1 kwa wafugaji wa mkataba wa kuku, nguruwe na wengineo. Safari hii kipimo kilikuwa mapato yenyewe: asilimia 80 ya pengo kati ya mwaka 2020 na mwaka 2018 au 2019. Kipimo hicho kilistahili kuwapo tangu mwanzo, angalau kwao.

Desemba 2021 ukafuata mpango mwingine, wa wafugaji waliouza nguruwe sokoni bila mkataba kati ya Aprili 16 na Septemba 1, 2020. Kiwango kilichotangazwa kilikuwa dola 54 kwa kila nguruwe, hadi nguruwe 10,000. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, nguruwe waliokuwa bandani mwishoni mwa Aprili walikuwa wamekadiriwa dola 17.