Je, Wajua? Veda zilitunzwa kinywani

Je, wajua kwamba Rigveda, mojawapo ya Veda, matini takatifu za Kihindu, yenye nyimbo 1,028 za Kisanskriti cha kale, ilirithishwa kwa mdomo tu kwa karne nyingi? Ilitungwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi, na makuhani wake, Wabrahmani, wakaisoma kwa ghibu, mwalimu kwa mwanafunzi. Kati ya nakala 30 zilizoandikwa kwa mkono zinazotunzwa Pune, India, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2007, kongwe kuliko zote ni ya mwaka 1464. Kwa umri wa Veda, hiyo ni juzi tu.

Waliwezaje? Mzazi mwenye mtoto aliyehifadhi Kurani anaijua jitihada yenyewe. Wabrahmani waliongeza mbinu ya kuyageuza maneno. Tuchukue matatu ya kwetu: mvua, inanyesha, leo. Katika usomaji uitwao ghana, mwanafunzi angetamka: mvua inanyesha, inanyesha mvua, mvua inanyesha leo, leo inanyesha mvua, mvua inanyesha leo. Kisha anaanzia neno la pili, anaingiza la nne, hivyo hivyo mpaka mwisho. Na sauti za Kisanskriti hubadilika maneno yanapokutana, kwa hiyo kila mgeuzo una matamshi yake. Ulimi ukiteleza, masikio yanadaka kosa papo hapo. Hata kupanda na kushuka kwa sauti, kulikokwisha kutoweka katika Kisanskriti cha baadaye, wasomaji wa Veda wanako hadi leo. Kwangu mimi, hilo linashinda jengo lolote la mawe.

Maneno ya ukoo wa Kisanskriti yaliandikwa mapema mbali na India. Katika vigae vya udongo vilivyochimbuliwa Boğazköy, Uturuki, mfunza farasi Kikkuli, wa ufalme wa kale wa Mitanni, anahesabu mizunguko: aika ni moja, panza ni tano. Kisanskriti husema eka na pancha. Mkataba wa karne ya 14 KK uliopatikana hapo hapo unawataja Mitra, Varuna na Indra, miungu wa Rigveda.

Na kitabu cha saba cha Rigveda kina wimbo wa vyura. Mvua zikianza, mmoja analia na mwenzake anamwitikia, na mtunzi anawafananisha na mwanafunzi anayerudia maneno ya mwalimu wake.