Twende nao: Safari ndogo zinazomkuza mtoto

Mwezi huu binti yangu ametimiza mwaka mmoja na nusu. Kwa mzazi wa Tanzania umri huo una shughuli yake: mtoto anarudi kliniki kupata dozi ya pili ya chanjo ya surua na rubela, baada ya ile ya kwanza ya miezi 9. Tulikwenda wote watatu. Alipimwa uzito, akachomwa sindano, akalia, akanyamaza, na kabla hatujafika getini alikuwa anawapungia mkono watoto waliobaki kwenye foleni.

Nimeona nieleze hapa jinsi tulivyofika umri huu, kwa sababu wazazi wengi ninaoongea nao, hasa kina baba, wanaamini mtoto mdogo hana la kufanya naye mpaka aanze kusema au aingie shule. "Huyo bado wa mama yake," wanasema. Sikubaliani nao. Miaka hii ya mwanzo ndiyo yenye kazi kubwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika katika mizunguko yetu ya kawaida: sokoni, kituoni, kwenye pantoni, kanisani au msikitini, harusini, na kwa majirani.

Siku tatu za baba

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapewa siku zisizopungua tatu, azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Siku hizo huishia kwenye kwenda na kurudi hospitali, kutafuta supu ya mzazi na kupokea wageni. Ya nne inamkuta kazini. Asipojiwekea utaratibu wake mwenyewe, anaondoka alfajiri mtoto amelala na kurudi usiku mtoto amelala, na miezi inapita hivyo hivyo.

Utaratibu wangu ni mwepesi. Jumamosi asubuhi mtoto ni wa baba. Mama yake anakwenda kusuka, anakwenda kwenye kikoba, au anarudi kulala, ni hiari yake. Mimi na binti tunatoka. Tulianza alipokaza shingo, nikimbeba kwa kanga ya mama yake. Mwanzoni watu walinisimamisha njiani. "Kaka, mama yake yuko wapi? Kuna usalama kweli?" Nilijibu yuko nyumbani, mzima kabisa, nasi tunakwenda sokoni. Siku hizi hawaulizi tena. Mtoto asipoonekana ndipo wanauliza.

Pantoni na Feri

Tunaishi Kigamboni, kwa hiyo safari yetu nyingi huanzia kwenye pantoni. Kuvuka hadi Magogoni ni dakika chache tu, lakini kwa mtoto humo mna mambo tele. Kuna bajaji na mikokoteni, kuna wauza karanga na korosho, kuna baiskeli zilizofungwa kuku miguu juu. Injini ikiwashwa, chuma chote kinatetemeka. Binti yangu aliligundua hilo kabla hajajua kukaa. Alikuwa akiweka kiganja kwenye ukuta wa chuma, anautikisa mkono kidogo, ananitazama, kisha anakirudisha kiganja palepale kuhakikisha kama mtetemo bado upo. Nami nilikuwa namwambia: "Injini hiyo, mama. Inatuvusha. Sikia inavyonguruma." Namwita mama kwa sababu amechukua jina la mama yangu.

Ng'ambo ya pili kuna soko la samaki la Feri. Ukifika asubuhi unakuta mnada umepamba moto: changu, kolekole, kibua na jodari mafungu mafungu, mnadi anapandisha bei kwa sauti iliyokauka, wanaopara samaki wanarusha magamba, na upande wa wakaangaji moshi umetanda. Mimi ninakwenda kununua kitoweo. Mtoto anakwenda kusoma. Hapo ndipo alipoanza kunyoosha kidole cha shahada kuonyesha kitu. Kilikuwa ni pweza, mikono yake imeninginia nje ya beseni. Alinyoosha kidole, akanigeukia, akakigeukia tena, anasubiri niseme. "Pweza," nikamwambia. "Ana mikono minane." Mtoto anapoonyesha kidole hivyo anakuwa ametambua jambo kubwa: kwamba anachokiona yeye, na mwenzake anaweza kukiona, na wakakizungumzia. Watoto wengi hulifikia jambo hilo wanapokaribia mwaka mmoja, na maneno hufuata nyuma yake.

Kwake neno lilitokea hapohapo sokoni. Kuna mama anayetuuzia pweza, mtu mzima, na kila tukifika ninamwamkia, "Shikamoo mama." Naye hujibu, "Marahaba baba. Mjukuu wangu kaamkaje?" Mtoto mgongoni akawa anasikia wiki baada ya wiki, anaangalia mdomo wangu, anaangalia mdomo wa yule mama. Akiwa na mwaka mmoja na kitu, kabla sijafungua kinywa, sauti ikatoka begani kwangu: "Moo!" Yule mama aliacha kisu, akaitikia marahaba ndefu, akanawa mikono na kumchukua. Tangu siku hiyo binti yangu anamwamkia kila mtu, na kila mtu anamwitikia. Amejifunza kwamba akitoa neno, watu wazima wanageuka na kumjibu. Hakuna darasa ambalo lingemfundisha hilo vizuri zaidi ya soko.

Hatua za mtoto hazina mashindano

Penye watoto wawili, wazazi huanza kulinganisha. "Wako hajasimama dede? Wangu miezi tisa alikuwa anatembea." Maneno haya yanawakosesha usingizi kina mama wengi, na hayana msingi.

Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema katika nchi za Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatoa vipimo vya hatua sita za mwili. Kukaa bila kushikiliwa kulionekana kati ya takriban miezi 4 na 9. Kutambaa kwa mikono na magoti, kati ya miezi 5 na 13 na nusu. Kusimama bila msaada, kati ya karibu miezi 7 na 17. Kutembea peke yake, kati ya miezi 8 na 17 na nusu. Tazama upana wa muda huo. Mtoto wa miezi 9 anayetembea na mtoto wa miezi 16 anayeanza kutembea wote wako salama, na mtu hawezi kusema huyu ana akili kuliko yule. Utafiti huohuo uliona kwamba takriban watoto 4 katika kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Waliruka hatua hiyo.

Binti yangu alikuwa mmoja wa hao. Alijisogeza kwa matako sebuleni, mguu mmoja umekunjwa, mwingine kama kasia. Majirani walileta kila aina ya ushauri, mmoja akataka tumfukie mchangani hadi kiunoni apate nguvu. Tuliuliza kliniki. Muuguzi alimsimamisha, akamchezesha, akatazama kadi yake na mstari wa uzito unavyopanda, akasema: "Mwacheni. Mpeni nafasi ya kucheza chini, msimbebe kutwa." Tukafanya hivyo.

Hatua za kwanza alizipiga Kijiji cha Makumbusho, kule Barabara ya Bagamoyo, mahali palipoanzishwa mwaka 1966 kuonyesha nyumba za asili za makabila yetu. Uwanja ule umefagiliwa, kuna vivuli, na gari haliingii kati ya nyumba na nyumba, hivyo ni mahali pazuri kwa mwenye miguu mipya. Alikuwa amesimama dede kwenye nyumba ya msonge ya Wahaya, ameshika nyasi za mlangoni. Upande wa pili vijana walikuwa wanajaribu ngoma. Zilipolia, aliachia nyasi. Akaenda hatua moja, ya pili, ya tatu, mikono juu, akakaa kitako, akainuka na kuendelea. Mama yake alikuwepo siku hiyo, akapiga vigelegele hadi walinzi wakaja kuangalia kuna nini, nao wakapiga makofi.

Pamoja na hayo, kutoshindana kusiwe kisingizio cha kupuuza. Mtoto akifika mwaka mmoja na nusu hatembei, au akapoteza alichokuwa anakiweza, au hageuki akiitwa, au hatazami watu usoni, mpeleke kituo cha afya mapema bila kusubiri kuambiwa "atakua tu". Kadi ya kliniki haikutungwa kwa ajili ya chanjo peke yake. Inafuatilia ukuaji wake wote, na wahudumu wapo kwa ajili ya maswali hayo.

Simu haibebi mtoto

Najua mzazi atauliza: muda uko wapi? Mjini tunachoka, foleni zinatumaliza, na simu iko mkononi, mtoto akipewa katuni anatulia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Unasema pia kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi minne anahitaji angalau dakika 180 za kuuchezesha mwili kila siku. Saa hizo tatu hazihitaji bustani ya kulipia. Zinapatikana kwenye kufuata kuku uani, kupanda na kushuka ngazi ya barazani, na kutembea hadi dukani kwa mwendo wake, akiokota kila kizibo cha soda.

Serikali nayo imelitambua jambo hili. Desemba 2021 ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomlenga mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Nguzo zake ni tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Afya na lishe tunazisikia kila siku. Malezi yenye mwitikio, yaani mtoto akikuashiria ukamjibu, ndiyo nguzo ambayo hospitali haiwezi kutusaidia kuibeba. Inabebwa na mzazi aliye karibu.

Tunamsimulia nani?

Bibi yake, ambaye ndiye somo yake, yuko Tanga. Kila Jumamosi jioni ninamrekodia ujumbe wa sauti: tumekwenda wapi, mtoto kasema nini, kala nini. Naye anajibu kwa dua ndefu, na kila mara anaongeza la kwake: baba yake naye alikuwa hivi, shangazi yake alianza kutembea siku ya Idi. Kwa njia hiyo mtoto anapata historia yake. Mama yake anaandika kwenye daftari, tarehe na jambo, mistari miwili mitatu. Picha zinabaki kwa ndugu.

Wazazi wengine huzimwaga mtandaoni, na furaha yao naielewa, maana mtoto akipiga hatua unatamani dunia nzima ijue. Lakini mtoto hajaombwa ruhusa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania imeuridhia, unampa haki ya faragha. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti. Basi picha ya mtoto anaoga isitoke nje ya familia, wala kadi ya kliniki yenye jina lake kamili, wala picha inayoonyesha anakolelewa mchana. Msimulie wanaompenda. Hao ndio watakaomwombea, watakaomlea ukiwa haupo, na watakaomkumbusha alikotoka akiwa mtu mzima.

Neno kwa kina baba

Ndugu yangu, Jumamosi hii huna haja ya kupanga safari kubwa. Kama unakwenda kunyoa, nenda naye. Kama unapeleka pikipiki kwa fundi, kama unamtembelea mzee wako, kama unakwenda kununua mkaa, nenda naye. Mvishe kofia, beba maji na nguo ya kubadilisha, mshike mkono barabarani. Mtajie kila kitu mnachokiona, na akisema neno lake, hata kama hulielewi, mjibu. Sheria imekupa siku tatu. Zilizobaki ni juu yako kuzitafuta, na mtoto wako anazihitaji sasa.