Tuliokoa stempu, tukapoteza barua

Mwaka jana nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya upili hapa Isiolo, mji niliozaliwa na kulelewa. Mada niliyopewa ilikuwa asili ya maneno ya Kiswahili. Nikawauliza swali ambalo huwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza chuoni: kwa nini chombo kile kikubwa cha baharini kikaitwa meli? Kimya kilitanda. Hatimaye kijana mmoja aliyeketi nyuma akasema, "Mwalimu, sisi ni watu wa ngamia. Hayo ya bahari waulize watu wa Mombasa." Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao. Hata hivyo, jibu lile limenikaa moyoni tangu siku hiyo, kwa kuwa halikuwa la kweli.

Neno meli limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya barua na vifurushi vya posta. Wahenga wetu wa pwani hawakuwa na uhaba wa majina ya vyombo: walikuwa na dau, mashua, jahazi na merikebu. Lakini mwaka 1872 kampuni ya British India Steam Navigation ilipoanza safari za kila mwezi kati ya Aden na Zanzibar, chini ya mkataba wa kubeba barua, kilizuka kitu kigeni. Jahazi lilingoja kaskazi na kusi. Merikebu hii ya moshi haikungoja upepo, ilifuata tarehe. Watu wakaiita kwa jina la mzigo wake. Aidha, ndugu yake neno hilo, yaani stima, alipanda bara akabadilika tabia: mtoto wa Kenya leo akisikia stima hafikirii chombo cha majini, anafikiria umeme. Hivyo basi, kila tunapotamka meli tunataja barua bila kujua. Chombo tumekikumbuka, mzigo tumeusahau.

Msomaji mpendwa, nina sababu ya kulizungumza jambo hili kwa uchungu, nayo ni kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa na umri wa miaka 11, mnamo mwaka 1991, shuleni kwetu kulizuka homa ya kukusanya stempu. Kila mvulana alikuwa na daftari lake. Chini ya kitanda cha bibi yangu palikuwa na sanduku la bati, na ndani yake barua chache zilizofungwa kwa kitambaa. Miongoni mwazo ilikuwamo moja ya karatasi nyembamba, iliyokunjwa hata ikawa bahasha yake yenyewe. Ilitoka Aden, nayo ilikuwa na stempu yenye picha ya jahazi, mojawapo ya zile za kwanza kabisa za Aden zilizotolewa mwaka 1937. Niliitamani. Nikajaza maji karai, nikaizamisha barua nzima, nikangoja gundi ilegee. Stempu ilibanduka vizuri. Wino nao ukabanduka, maji yakawa ya samawati.

Barua ile iliandikwa na kaka yake bibi, aliyeondoka Isiolo akiwa kijana na kuwa mchochea makaa katika meli. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha hakurudi, wala haikujulikana alizamia wapi. Bibi hakujua kusoma, lakini alizijua barua zake moja moja kwa rangi na madoa. Alisimama juu ya karai lile kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, umemwosha kaka yangu." Sikuelewa. Ilipita miaka mingi kabla sijafahamu uzito wa kauli ile: baharia yule hakupata wa kumwosha wala wa kumzika. Wahenga walinena kwamba majuto ni mjukuu. Katika kisa hiki mjukuu mwenyewe ni mimi.

Baadaye nilijifunza kwamba nilikosea hata kwa kanuni za wakusanyaji wenyewe. Wanaokusanya barua za kale zilizosafirishwa kwa meli hawabandui stempu kamwe. Wanachokitafuta ni bahasha nzima, kwa sababu bahasha ni shajara ya safari. Muhuri wa mbele huonyesha mahali na siku ilipotiwa posta. Mihuri ya nyuma huonyesha vituo ilivyopita na siku ilipofika. Ukilinganisha tarehe hizo na ratiba za meli, waweza kuitaja meli yenyewe. Kuanzia miaka ya 1890, barua zilizotiwa posta melini, katikati ya bahari, zilipigwa muhuri wenye neno la Kifaransa "Paquebot" katika bandari zilikoshushwa, zikiwa na stempu za nchi ambayo bendera yake ilipepea mlingotini. Ndiyo maana bahasha yaweza kuwa na stempu ya Uingereza na muhuri wa Mombasa, na pasiwe na kosa lolote.

Pwani yetu ni shamba lenye rutuba kwa utafiti wa namna hii. Wajerumani walifungua wakala wa posta Lamu mwaka 1888. Mnamo Mei 1890 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilianza kutoa stempu zake, ambazo hazikuwa ila stempu za Uingereza zilizopigwa chapa ya jina la kampuni juu yake. Zanzibar nako, kati ya 1890 na 1891, palikuwa na posta tatu za kigeni kwa wakati mmoja: ya Wahindi, ya Wafaransa na ya Wajerumani. Katika Uganda, mwaka 1895, mmisionari Ernest Millar alipiga stempu kwa taipureta, thamani yake ikihesabiwa kwa simbi. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, barua za Uganda zilitoka melini Mombasa, zikapanda gari moshi, kisha zikaingia katika meli nyingine ziwani. Meli ya kwanza ya moshi ya Waingereza huko, William Mackinnon, iliyoteremshwa majini mwaka 1900, ililetwa kutoka Uskoti vipande vipande, na sehemu kubwa ya njia ilibebwa na wapagazi.

Sasa yatupasa tuulize: Isiolo inaingia wapi katika masimulizi haya? Inaingia kwa mlango mpana. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wasomali wa ukoo wa Isaaq, wengi wao askari waliomaliza utumishi, walikaa hapa. Jamaa zao walikuwa wametawanyika Somaliland ya Waingereza, Aden na hata Cardiff katika Wales, ambako wanaume walifanya kazi katika matanuri ya meli. Uzi uliowaunganisha ulikuwa barua. Barua kutoka Uingereza ilikaa baharini takriban majuma matatu au manne hadi Mombasa, ikapanda gari moshi hadi Nairobi, na tangu 1930 hadi Nanyuki, kisha ikateremka huku jangwani kwa lori.

Uzi huo haukubeba salamu peke yake. Sheria ya mwaka 1919 ilikuwa imewatenga baadhi ya Wasomali na wale walioitwa "wenyeji". Mwaka 1936 serikali ya kikoloni ilipotunga sheria mpya ya kodi ya kichwa iliyowaweka chini ya Waasia, Waisaaq walikataa. La ajabu ni kwamba walidai walipe kodi kubwa zaidi, ile ya Waasia, ili hadhi yao itambuliwe. Hatuna budi kukiri kwamba dai hilo lilikuwa zao la mfumo uliowapanga watu kwa rangi, na kila aliyepangwa alijaribu kupanda daraja badala ya kuibomoa ngazi. Hata hivyo, tazama jinsi lilivyoendeshwa: hadi mwaka 1941 malalamiko yalikwenda London, na jamaa waliokuwa ng'ambo walishirikishwa. Mapambano ya watu wa ngamia yalisafiri kwa meli.

Nyaraka zilizofika mikononi mwa serikali zimehifadhiwa Kew, Uingereza, na mtafiti mwenye nauli aweza kuzisoma. Lakini barua walizoandikiana ndugu kwa ndugu ziko wapi? Nani alimwambia nani asilipe? Nani aliogopa? Nani aliuza ngamia ili mchango upatikane? Hayo hayamo katika majalada ya serikali. Kama yamesalia, yamo katika masanduku ya bati hapa mjini.

Kwetu sisi wanaisimu hasara ni kubwa maradufu. Kisomali hakikuwa na maandishi rasmi ya Kilatini hadi mwaka 1972. Kwa hiyo kijana aliyetoka Isiolo na kutaka kuandika kwao alilazimika kuazima: Kiarabu, Kiingereza, au Kiswahili. Barua niliyoiosha ilikuwa ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Mjomba wangu aliyewahi kuisoma alinieleza kwamba ilianza kwa taratibu zile za kale za "wa baada ya salamu", kisha ikachanganya maneno ya Kisomali pale mwandishi alipotaja mifugo na jamaa. Ilikuwa ushahidi wa Kiswahili kilivyosemwa na watu wa kaskazini miaka michache tu baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 kukichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Leo nafundisha lahaja na mwachano wa lugha kwa mifano ya vitabuni, ilhali mfano wa nyumbani niliumwaga kwenye mchanga.

Barua zikihifadhiwa huzaa. Carl Büttner alichapisha mwaka 1892 mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, zikiwemo barua, na hadi sasa wataalamu wanauchambua. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mwandishi hodari wa hati, alimpelekea William Hichens nakala za tenzi pamoja na barua katika miaka ya 1930, na sehemu kubwa ya mali hiyo imo katika maktaba ya SOAS, London. Lau vifurushi vile vingalipotea njiani, fasihi tunayoitahini shuleni ingalikuwa maskini zaidi.

Yupo atakayesema kwamba kukusanya barua za kale ni mchezo wa mabwana, ibada ya vichwa vya wafalme wa Kiingereza. Sipingi kwamba ulianza hivyo, na kwamba wapo wachuuzi wanaozunguka wakinunua bahasha kwa bei ya chai ili wakaziuze ghali ng'ambo. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuamka, si sababu ya kulala. Kichwa cha mfalme kiko nje; ndani mna sauti ya mtu wetu. Mwingine atauliza kama ni adabu kufungua siri za marehemu. Swali hilo ni zito. Jibu langu ni kwamba barua ni mali ya familia kwanza. Isisomwe wala kunakiliwa bila idhini, na likipatikana jambo la aibu, familia ndiyo iamue.

Kwa walimu wenzangu nina ombi. Katika somo la insha tunafundisha barua rasmi na barua ya kirafiki kwa mifano ya kubuni. Mtumeni kila mwanafunzi nyumbani akaulize kama kuna barua yoyote iliyoandikwa kabla ya yeye kuzaliwa. Asiibandue stempu, asiikate, asiitie maji. Asiunganishe palipochanika kwa selotepu, maana gundi yake huila karatasi. Asiandike chochote juu yake. Aipige picha pande zote mbili kwa simu ya mzazi, kisha aandike daftarini: ni ya nani, iliandikwa na nani, ilitoka wapi, na nani aliyemsimulia. Barua yenyewe irudishwe kwa mwenyewe, ikae mahali pakavu, mbali na jua na mchwa. Familia isiyoweza kuitunza yaweza kutafuta ushauri katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Stempu ile ya jahazi ninayo hadi leo. Katika kona yake ya chini imebaki nusu ya muhuri, herufi mbili tu za jina la Aden. Haina tarehe, haina njia, haina mwenyewe. Mkusanyaji hataitoa pesa ya maana, na mwanaisimu hana la kusoma.

Majuma mawili baada ya mazungumzo yale ya shuleni, kijana wa ngamia alinipigia simu. Alikuwa amemuuliza babu yake. Sanduku lilikuwapo, na barua zilikuwamo, zingine za miaka ya 1930. "Lakini Mwalimu," akasema, "mchwa wamekula nusu." Nikamwambia asiguse kitu, amwombe babu ruhusa, na asubuhi ile ile nikatafuta gari la kwenda kwao kuiona hiyo nusu iliyobaki.