Anasomea ualimu wa Kihispania Marekani: hiyo ni kazi au mchezo?

Kwenye simu ya kipindi chetu cha asubuhi uliingia ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mmoja wa wilaya ya Kasulu. Kaka yake na familia yake walihamishiwa Marekani miaka kadhaa iliyopita wakitokea kambi ya Nyarugusu. Binti wa kaka huyo sasa amemaliza sekondari na anataka kwenda chuo kikuu kusomea ualimu wa lugha ya Kihispania. Baba mtu hataki, yeye alitaka unesi.

"Mimi ndiye shangazi, wote wananipigia mimi," alisema mama huyo. "Naomba mtuambie, hiyo ni kazi au ni mchezo?"

Tulimjibu kwa kifupi hewani. Leo tunaeleza kwa kirefu, kwa sababu hapa Kigoma wenye ndugu huko ni wengi.

Jibu ni kwamba hiyo ni kazi. Ila kuna digrii mbili zenye majina yanayokaribiana, na moja tu kati ya hizo ndiyo inampeleka mtu moja kwa moja darasani.

Kwa nini Kihispania?

Marekani inapakana na Meksiko, na watu zaidi ya milioni 40 nchini humo wanaongea Kihispania nyumbani kwao. Kwa hiyo ndiyo lugha ya kigeni inayosomwa na wanafunzi wengi zaidi mashuleni huko. Nje ya Marekani inatumika katika nchi takriban 20, nyingi zikiwa Amerika ya Kusini na ya Kati. Hata Afrika ipo nchi moja ambayo Kihispania ni lugha yake rasmi, nayo ni Guinea ya Ikweta.

Serikali kuu ya Marekani imeyaweka masomo ya lugha za kigeni kwenye orodha ya masomo yenye uhitaji mkubwa wa walimu, pamoja na hisabati na sayansi. Jambo hili tutalirudia kwenye suala la fedha.

Digrii mbili, majina yanakaribiana

Ya kwanza ni digrii ya lugha ya Kihispania. Mwanafunzi anasoma lugha, fasihi na utamaduni. Akimaliza anaijua lugha, lakini hana leseni ya kufundisha shule ya serikali.

Ya pili ni digrii ya Kihispania pamoja na ualimu. Hapo anasoma lugha hiyohiyo, kisha anaongezewa saikolojia ya mtoto, mbinu za kufundishia, upimaji wa wanafunzi na mazoezi ya kufundisha. Akimaliza na kufaulu mitihani ya jimbo lake, anaomba leseni.

Hata kwetu Tanzania mambo yako hivyo. Mwenye shahada ya sanaa na ualimu anatoka chuoni akiwa mwalimu. Mwenye shahada ya sanaa pekee, akitaka kufundisha, hurudi kusoma stashahada ya uzamili ya elimu. Huko Marekani naye hurudi, ama kwa digrii ya pili ya ualimu ya mwaka mmoja au miwili, ama kwa programu maalumu za majimbo. Njia haijafungwa, ila muda na ada vinaongezeka. Familia ambayo haikuuliza mapema hujikuta inalipa mara mbili.

Miaka minne inavyokwenda

Digrii ya kwanza huko kwa kawaida ni miaka minne. Miaka miwili ya mwanzo mwanafunzi anachanganya masomo ya jumla na kozi za lugha. Anaanza pia kwenda shuleni kukaa nyuma ya darasa na kuangalia mwalimu anavyofanya kazi.

Mwaka wa tatu masomo yanakuwa mazito. Anasoma vitabu vya waandishi kama Miguel de Cervantes wa Hispania na Gabriel García Márquez wa Kolombia, na anajifunza jinsi Kihispania cha Meksiko kinavyotofautiana na cha Madrid. Wengi huenda kusoma muhula mmoja katika nchi inayoongea lugha hiyo, kama Hispania au Kosta Rika. Vyuo vingine vinalazimisha safari hiyo, vingine vinashauri tu.

Mwaka wa nne ndio wa mazoezi ya kufundisha. Karibu muhula mzima anaripoti shuleni kila siku kama mwalimu. Anaandika andalio la somo, anasahihisha madaftari, anakutana na wazazi, huku mwalimu mwenyeji na msimamizi wa chuo wakimwangalia. Mara nyingi halipwi kwa kazi hiyo, na ada ya chuo anaendelea kudaiwa. Ni kipindi kigumu, maana hata kibarua cha jioni kinakuwa shida kukifanya. Familia ijipange mapema kwa muhula huo.

Kinachowasumbua wengi darasani ni kufundisha Kihispania kwa Kihispania. Chama kikuu cha walimu wa lugha za kigeni nchini humo, ACTFL, kinashauri asilimia 90 au zaidi ya kipindi iwe kwa lugha inayofundishwa. Wanafunzi wanajua Kiingereza, mwalimu anaongea Kihispania, na anaeleweka kwa picha, vitendo na maneno machache yanayorudiwa. Ustadi huo unafundishwa, na ndiyo sababu kuijua lugha peke yake hakutoshi.

Mtihani wa kuongea

Kila jimbo lina masharti yake ya leseni. Texas na California wana mitihani yao wenyewe. Majimbo mengine mengi yanatumia mtihani unaoitwa Praxis, unaopima kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea.

Vyuo na majimbo mengi yanadai pia mtihani wa mazungumzo wa ACTFL. Mtahini anazungumza na mtahiniwa kwa simu, muda usiozidi nusu saa, na mazungumzo yanarekodiwa. Kiwango kinachotakiwa kwa mwalimu wa Kihispania mara nyingi ni ngazi ya juu daraja la chini. Ili kufika hapo mtu lazima aweze kusimulia jambo lililopita, lililopo na lijalo kwa maelezo yaliyoungana, na kujinasua akipewa tatizo la ghafla. Kwa mfano, aambiwe hoteli aliyolipia imempa mtu mwingine chumba chake, kisha ajieleze mpaka apate suluhisho.

Mtu anaweza kuwa na alama nzuri chuoni akakwama hapa. Anayefaulu ni yule aliyezoea kuongea kila siku tangu mwaka wa kwanza.

Mtoto wa Kiswahili ataweza?

Ataweza, na kuna mahali atakuwa mbele ya wenzake wanaojua Kiingereza tu. Irabu za Kihispania ni tano kama zetu, a, e, i, o, u, na zinatamkwa karibu sawa na za Kiswahili. Herufi yao ñ ni "ny" yetu.

Kitenzi chao kinabeba mtendaji ndani yake. "Hablo" ni "naongea", "hablamos" ni "tunaongea". Na kama sisi tunavyosema kitabu chekundu lakini nyumba nyekundu, wao husema "libro rojo" na "casa roja". Sivyo ngeli kama zetu, wao wana jinsi mbili tu, lakini mazoea ya kubadilisha neno lifuate jingine mtoto wa Kiswahili anayo tayari. Hata meza kwao ni "mesa".

Wenzake wengine darasani watakuwa wamezaliwa kwenye nyumba za Kihispania. Hao wanaongea vizuri, ila wengi walisoma shule kwa Kiingereza, na kuandika kunawapa shida. Ni kama mtoto wetu anayeongea Kiswahili tangu kuzaliwa halafu anajikwaa kwenye mtihani wa sarufi. Asiwaogope.

Fedha: someni masharti

Serikali kuu ya Marekani ina msaada wa masomo kwa wanaosomea ualimu, uitwao TEACH Grant. Unatoa hadi dola 4,000 kwa mwaka, na lugha za kigeni zimo. Si raia peke yao wanaoweza kuomba. Wenye ukaazi wa kudumu na waliopokelewa kama wakimbizi nao wanaweza.

Sharti lake ni kufundisha somo lenye uhitaji, kwenye shule inayohudumia familia za kipato cha chini, kwa miaka minne ndani ya miaka minane baada ya kumaliza. Asipotimiza, fedha yote inageuka mkopo, na riba inahesabiwa tangu siku alipopokea. Kwa anayekusudia kweli kufundisha, msaada huu ni mzuri. Kwa anayejaribu tu, ni deni linalosubiri.

Maswali ya kuuliza chuo kabla ya kulipa

1. Je, digrii hii inaishia kwenye leseni ya ualimu ya jimbo hili?
2. Ni mitihani gani inatakiwa, na ada yake analipa nani?
3. Mtihani wa mazungumzo unafanyika mwaka gani, na asiyefikia kiwango anasaidiwaje?
4. Mazoezi ya kufundisha ni wiki ngapi, na yanalipwa?
5. Akihamia jimbo jingine atatakiwa kufanya nini? Leseni haihami yenyewe, anaomba upya.

Shangazi wa Kasulu, mtumie kaka yako maswali haya, akae na binti wayapigie chuo simu pamoja. Jibu la swali la kwanza likiwa "ndiyo", basi binti yenu hachezi.